Mguu Uliovunjika Ni Pesa Ngapi?

Hotuba ya wakili mbele ya waendesha bodaboda, madereva wa tuktuk na wafanyabiashara wa soko, Kisauni, Mombasa. Imewekwa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika.

Asalamu aleikum. Bwana asifiwe. Mwenyekiti, wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma karibu na pikipiki zenu kama watu wanaopanga kutoroka, hamjambo?

Nimeombwa nizungumze juu ya fidia ya ajali. Hata sijafika mlangoni, kijana mmoja akanidaka: "Wakili, mguu ni pesa ngapi?" Nikamwuliza, mguu wa nani? Akacheka, akadhani nafanya mzaha. Sikuwa nafanya mzaha. Mguu wa nani? Umevunjika wapi, pajani au kwenye muundi? Mwenyewe ana umri gani? Anafanya kazi gani? Siku ile alikuwa amevaa helmeti? Aliyemgonga ana bima? Na karatasi za hospitali ziko wapi? Nikijibiwa yote hayo naweza kukadiria, na hata hapo nitasema ni kati ya hapa na pale.

Vijiweni mnaambiana kwamba fulani alilipwa milioni mbili kwa mguu, basi mguu ni milioni mbili. Jamani, huyo fulani mlisoma hukumu yake? Mnajua milioni mbili zile zilijumuisha nini? Huenda za mguu wenyewe zilikuwa laki sita, na nyingine zote ni mapato aliyopoteza na operesheni inayomngoja. Sheria ya Kenya haina orodha ya bei ya viungo vya mwili kwa ajali za barabarani. Kinachopewa bei ni jalada, yaani faili la karatasi zote za kesi yako. Nasema tena, kinachopewa bei ni jalada lako.

Nilianza kazi hii nikitetea kampuni za bima, baadaye nikahamia kwa majeruhi. Kwa hiyo najua jalada linavyosomwa pande zote mbili za meza. Afisa wa madai wa bima hajiulizi uliumia kiasi gani. Anajiuliza mambo manne: mahakama huwapa nini watu wenye jeraha kama hili, huyu ana karatasi gani, lawama yake ni asilimia ngapi, na je, ana haraka ya pesa? Hilo la mwisho tutalirudia.

Tuanze na maumivu, maana ndiyo kila mtu huanza nayo.

Fidia ya maumivu na mateso inaitwa fidia ya jumla. Hakimu haitoi kichwani mwake, wala hatazami machozi yako. Mawakili wa pande zote humpelekea hukumu za zamani zenye majeraha yanayofanana na yako. Mimi nampelekea za juu, mwenzangu anampelekea za chini, naye hukaa katikati huku akiangalia hukumu hizo ni za mwaka gani, kwa sababu shilingi ya 2010 si shilingi ya leo. Nyama zikiumia tu bila mfupa kuvunjika, mara nyingi utasikia laki moja, mbili, wakati mwingine chini ya hapo. Mfupa ukivunjika, kiwango kinapanda. Ukibaki na kilema, kinapanda tena.

Tangu miaka ya 1980 Mahakama ya Rufaa imekuwa ikisema kwamba fidia ikae ndani ya mipaka ya hukumu zilizotangulia na ndani ya kile uchumi wa nchi unachoweza kubeba, kwa sababu tuzo kubwa mwisho wake huongeza gharama ya bima kwa kila mtu. Hoja ya kwanza naielewa: wawili wenye jeraha moja wasipewe pesa tofauti kwa sababu walikutana na mahakimu tofauti. Ya pili hainikai vizuri. Uchumi wa nchi haukulala wodini. Lakini hiyo ndiyo sheria, na ukienda mahakamani bila kuijua utatoka umekasirika bure.

Sasa nisikilizeni. Kina mama wawili walikuwa kwenye matatu moja iliyopinduka njia ya Malindi. Wote abiria, hakuna mwenye lawama. Wote wamevunjika muundi wa mguu wa kulia. Karibu mapacha, sivyo? Wa kwanza alibaki hospitali, akawekewa chuma, akarudi kliniki kila alipoambiwa arudi. Kila safari daktari akaandika mstari: mfupa unaunga, goti halikunji vizuri, anatembea na magongo. Wa pili, ndugu zake walimtoa wodini baada ya siku mbili, wakampeleka kwa fundi wa mifupa huko bara. Mimi siwadharau mafundi wa mifupa, nimewaona wakifanya makubwa. Lakini fundi haandiki. Mwaka mzima wa maumivu ya mama yule haukuwa na hata karatasi moja.

Walipokwenda kupimwa kwa ajili ya kesi, wote walikuwa wanachechemea. Kwa yule wa kwanza, daktari aliandika ulemavu wa kudumu asilimia 15, na daktari wa bima alipompima naye akashindwa kushuka chini ya 12. Kwa yule wa pili, daktari wa bima aliandika kwamba anachechemea kwa sababu aliacha matibabu, si kwa sababu ya ajali. Na sheria inamtaka majeruhi afanye juhudi za kawaida kupunguza hasara yake. Mguu ule ule, matatu ile ile. Wa pili alipata pungufu ya nusu ya mwenzake. Je, aliumia kidogo? Hapana. Aliandikwa kidogo.

Kwa hiyo ukifika hospitali, sema kila kinachouma. Usiseme mguu tu kwa sababu ndio unaovuja damu. Kama bega linauma, sema. Kama ulipoteza fahamu hata dakika moja, sema. Ukija kulitaja bega miezi minane baadaye, utaulizwa kizimbani: "Mama, mbona kadi ya siku ya kwanza haina bega?"

Tuje kwenye risiti. Hapa naomba vijana wa nyuma wasogee.

Gharama ulizokwisha kulipa zinaitwa fidia maalum, na kanuni yake ni kali: uzitaje moja moja katika hati ya madai unapofungua kesi, kisha uzithibitishe moja moja. Hakimu hawezi kukuonea huruma kwenye fungu hili. Hata akiamini kwa moyo wake wote kwamba ulitumia laki mbili, kama una karatasi za elfu tisini, atakupa elfu tisini. Na kama una karatasi za laki mbili lakini hati ya madai imeandika elfu tisini, bado ni elfu tisini.

Kuna mama mmoja, muuza mahamri na mbaazi, aliniletea mkebe wa biskuti, ule wa bati wenye picha ya maua juu. Mwanawe aligongwa, naye akatunza kila karatasi tangu siku ya kwanza. Nikafurahi, nikasema huyu ndiye mteja. Nikafungua mkebe. Nusu ya karatasi zilikuwa nyeupe! Hazina hata herufi. Mnazijua risiti za mashine, zile karatasi laini zinazong'aa? Hazina wino, maandishi yake hutokea kwa joto. Mkebe ulikaa juu ya kabati chini ya bati la nyumba, joto la Mombasa likayafuta yote. Mama akawa anazishika moja moja: "Hii ilikuwa ya eksirei, hii ya sindano, hii ya ile chuma." Yeye alizisoma. Hakimu angesoma nini?

Tulirudi hospitali, tukaomba taarifa nzima ya malipo yenye muhuri, tukaokoa sehemu kubwa. Duka la dawa halikuwa na kumbukumbu, hizo zikapotea. Basi ukipata risiti, siku hiyo hiyo ipige picha kwa simu, kisha itoe nakala. Shilingi kumi za fotokopi. Na usisahau ada ya nakala ya kumbukumbu za gari kutoka NTSA, ile mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na ada ya ripoti ya daktari. Vidogo vidogo hivyo hudaiwa. Nauli ya tuktuk kwenda kliniki nayo hudaiwa, lakini nani hapa hutoa risiti ya tuktuk? Mnaona mnavyocheka. Mwandikie abiria wako mgonjwa kijikaratasi, weka tarehe, kiasi na sahihi.

Haya. Mapato. Hapa ndipo penye pesa nyingi, na hapa ndipo watu wetu hupoteza nyingi.

Mtu aliyeajiriwa ana hati ya mshahara, mambo yake ni mepesi. Wewe unayeendesha pikipiki, wewe unayeuza samaki, utaonyesha nini? Wengi mmeambiwa kwamba bila vitabu vya hesabu huna mapato. Si kweli. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ilisema wazi kwamba vyeti na nyaraka si njia pekee ya kuthibitisha kazi na kipato cha mtu, kwa sababu msimamo huo ungewaonea Wakenya wengi ambao hawakusoma, hawaweki kumbukumbu, na bado wanajipatia riziki kwa njia mbalimbali. Maneno hayo ya majaji yananiridhisha kila nikiyataja mahakamani.

Lakini kuruhusiwa kuthibitisha kwa mdomo hakumaanishi kuropoka. Dereva mmoja wa tuktuk alisimama kizimbani akasema anaingiza elfu tatu kwa siku. Wakili wa bima akamwuliza kwa upole sana, na wakili akiwa mpole hivyo ujue kuna jambo: "Petroli kiasi gani? Hesabu ya kila siku ya tajiri mwenye tuktuk kiasi gani? Siku ya Jumapili unafanya kazi? Tuktuk ikienda gereji?" Hesabu ikashuka mbele ya macho ya kila mtu, elfu tatu ikawa mia saba. Na kilichomwumiza si ile mia saba. Kilichomwumiza ni kwamba baada ya pale hakimu hakumwamini tena kwa lolote. Angesema mia nane tangu mwanzo, angelipwa kwa mia nane.

Ukishindwa kabisa kuonyesha kipato, mahakama mara nyingi hushika kima cha chini cha mshahara. Na kima hicho hutegemea mahali. Kwa agizo la 2022, kibarua wa kawaida katika jiji kama Mombasa aliwekewa shilingi 15,201.65 kwa mwezi, na wa maeneo ya mashambani shilingi 8,109.90. Karibu nusu! Kwa hiyo kama unaishi na kufanya kazi hapa Kisauni, ushahidi wako uonyeshe hivyo, si kitambulisho tu chenye jina la kijiji cha babu. Taarifa ya M-Pesa, kadi ya chama, daftari la SACCO, barua ya mwenyekiti wa steji, mteja anayeweza kuja kusema "huyu ndiye huniletea samaki kila asubuhi". Hivyo ndivyo vitabu vyenu vya hesabu.

Hesabu yenyewe huendaje? Tuseme kijana faida yake halisi ni 20,000 kwa mwezi, na jeraha limempunguzia uwezo wa kufanya kazi kwa asilimia 40. Mahakama itachukua 20,000 mara miezi 12, ipate 240,000. Halafu itachagua idadi ya miaka. Haichukui miaka yote iliyobaki mpaka uzeeni, kwa sababu maisha yana mengi na pesa unazipata kwa mkupuo mmoja. Tuseme imechagua 10. Hiyo ni 2,400,000. Asilimia 40 yake ni 960,000. Sasa rudi uweke 15,000 mahali pa 20,000: unapata 720,000. Elfu tano za kila mwezi ulizoshindwa kuzithibitisha zimekula 240,000. Wakati mwingine hakimu haendi kwa hesabu hii, hutoa kiasi kimoja kwa jumla, hasa kipato kikiwa hakieleweki. Na kiasi hicho kwa kawaida huwa kidogo.

Mtu akifariki, hesabu ni hiyo hiyo kwa wanaomtegemea, ila hukatwa sehemu ambayo marehemu angejitumia mwenyewe. Mwenye mke na watoto, familia huhesabiwa thuluthi mbili. Na hapa kuna jambo linalowashangaza wafiwa kila mara. Fungu la kupoteza uhai wenyewe, ile miaka ambayo mtu angeishi, kwa desturi ya mahakama zetu ni kama shilingi laki moja. Ndiyo, laki moja. Mguu unaweza kuzidi uhai. Wajane hunikodolea macho nikiwaambia. Ndiyo maana, kwenye kesi ya kifo, mzigo wote uko kwenye kuthibitisha nani alimtegemea marehemu na kwa kiasi gani.

Sasa lawama. Vijana, hapa mtanichukia.

Unaweza kuwa na jeraha la milioni moja ukaondoka na laki saba, au laki tano, au mikono mitupu. Mahakama hugawa lawama kwa asilimia, na asilimia yako inakatwa kwenye jumla yote, pamoja na zile gharama za hospitali ulizozitolea jasho. Kijana mmoja alikuwa amebeba watu wawili nyuma, mshikaki kamili, usiku, taa ya nyuma imekufa. Lori likaingia barabara kuu bila kusimama, likamzoa. Nani mkosaji? Lori! Hata mimi nasema lori. Lakini wakili wa bima aliuliza: taa ilikuwaje, helmeti iko wapi, wangapi walikuwa juu? Kijana akabebeshwa asilimia 30. Tuzo yake ilikuwa milioni moja, akapata 700,000. Ile taa ya nyuma ingegharimu mia ngapi?

Abiria kwa kawaida hana lawama ya jinsi gari lilivyoendeshwa. Lakini akikataa mkanda au helmeti aliyopewa, na ameumia kichwa, ataguswa. Na pale ambapo kila upande unamnyoshea mwenzake kidole, hakuna shahidi, hakuna ramani ya polisi, mahakama hugawa nusu kwa nusu. Kwa hiyo yule mama muuza machungwa aliyeona kila kitu, jina lake na simu yake vina thamani ya pesa. Mchukulie namba siku hiyo hiyo. Abstrakti ya polisi, ile karatasi ya muhtasari wa ajali unayopewa kituoni, inaonyesha kwamba ajali ilitokea na gari lilikuwa lipi, lakini peke yake haisemi nani alikosa.

Nani atalipa? Hapa nitapita haraka, ingawa ndipo ndoto nyingi zinapofia. Bima ya lazima ya gari humlipa mtu mmoja mpaka shilingi milioni tatu, kwa mujibu wa Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, sheria ya bima ya magari. Kinachozidi kinamfuata mwenye gari, na mwenye gari anaweza kuwa hana hata kitanda cha kupigwa mnada. Pikipiki isiyo na bima, hukumu yako ni karatasi nzuri ya kuning'iniza ukutani. Na kampuni za bima zimewahi kuanguka nchini hapa, zikaacha watu na hukumu mkononi. Piga picha stika ya bima na namba ya gari kabla gari halijaondolewa.

Muda nao. Una miaka mitatu tangu siku ya ajali kufungua kesi. Gari likiwa la serikali, ni miezi 12 tu. Mtoto, muda wake huanza kuhesabiwa akifikisha miaka 18, lakini msingoje, mashahidi huhama na hufa.

Nilisema tutarudi kwenye haraka ya pesa. Mwashi mmoja, baba wa watoto wanne, alivunjika paja. Mwezi wa pili nyumbani hakuna unga, kodi ya nyumba imeingia miezi miwili. Akaja mtu mwenye shati safi na elfu themanini. "Weka sahihi hapa, mzee, umalizane na mahakama." Akaweka. Karatasi ile ilikuwa dischaji, hati ya kumaliza madai yote ya leo na ya kesho. Baada ya miezi minane chuma kikapinda ndani, daktari akasema operesheni ya pili. Akaja kwangu. Nikasoma ile hati mara mbili nikitafuta pa kupenyea, sikupaona.

Sheria yetu hukulipa mara moja tu. Huwezi kurudi kesho kusema imeongezeka. Kwa hiyo kama daktari anasema chuma kitatolewa baada ya miaka miwili, gharama hiyo ikadiriwe katika ripoti na iandikwe katika hati ya madai. Isipoandikwa, hailipwi, hata kama kila mtu mahakamani anakiona chuma kwenye eksirei. Simlaumu mwashi yule. Mtu mwenye njaa hafanyi biashara sawa na kampuni. Ndiyo maana nawaambia viongozi wa chama: mfuko wenu wa dharura ukimlisha mwanachama miezi mitatu, mmeshamwongezea fidia kuliko wakili yeyote.

Na kuhusu wakili. Kuna mabroka wanaowangoja majeruhi kwenye milango ya hospitali, wanaahidi kila kitu na kutaka nusu. Sheria ya Mawakili inatukataza kukubaliana na mteja kwamba tutalipwa sehemu ya tuzo tukishinda. Ada zetu zina kanuni zake zilizochapishwa. Wakili akikwambia "asilimia hamsini yangu", mwombe akuandikie hayo kwa karatasi yenye jina la ofisi yake, uone kama ataandika.

Nimezungumza sana, na naona mwenyekiti anatazama saa. Maswali. Mama mwenye leso ya manjano, wewe ulinyosha mkono tangu nilipokuwa kwenye risiti. Na wewe kijana wa kwanza, wa mguu ni pesa ngapi, ukimaliza kusikiliza njoo na kadi yako ya hospitali.